Mistari Miwili Kwenye Chupa

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba, baba. Mama yako amepona mguu, na mtama mwaka huu umekubali. Unasema kwenye mtihani wanakupa hoja, kisha wanataka utaje jambo ambalo mwenye hoja hakulisema ila amelitegemea. Unaniuliza, jambo lisilosemwa mtu ataliona vipi?

Mimi nililiona nikiwa msichana, miaka ya sitini, nyumbani kwetu Songwa, karibu na mgodi wa almasi. Mgeni alimletea baba kijiwe kinachong'aa, akitaka ng'ombe wawili, akakikwaruza kwenye chupa ya soda. Chupa ikabaki na mstari.

"Almasi hukata kioo," akasema. "Hiki kimekata. Unataka nini tena, mzee?"

Ng'ombe wetu wawili walishafungwa kamba, waondoke na yule mgeni.

Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliinama akaokota jiwe jeupe la pale pale uani, kama yale tuliyokuwa tukiwatupia kunguru. Akalikwaruza kwenye chupa ile ile. Ukatokea mstari wa pili.

Masanja, watu wote walisogea kuitazama chupa.

"Baba Holo," mama akamwambia baba taratibu, "nani katuambia mawe mengine hayakati?"

Baba akawafungua ng'ombe kwa mkono wake.

Chupa ile ninayo bado. Kila nikiishika nashangaa upya, maana mpaka leo siwezi kujua mstari upi ni wa mgeni na upi ni wa mama.

Bibi yako,
Holo