Mama, Leo Baba Amelazwa Usingizi na Mwingine

Mama yetu Mwajuma, mwaka umetimia leo tangu uanguke getini ukitoka zamu, kofia ya chumba cha upasuaji ikiwa bado kichwani, usiamke tena. Tulipanga kukuandikia kumbukumbu hii nyumbani, baada ya kisomo cha kukuombea dua. Badala yake mimi mwanao Rahma naandika kwenye benchi la hospitali, kwa sababu Baba yuko ndani ya chumba cha upasuaji.

Ni ngiri ile ile. Ulimsihi miaka na miaka akafanyiwe upasuaji, naye akikujibu, "Utanilaza wewe?" Ulimwambia huwezi kumlaza usingizi mume wako, mkono utakataa. "Basi tungoje," akasema. Mkaendelea kutaniana hivyo, huku akibeba viroba vya viazi na kabichi kutoka bondeni, na ngiri inakua.

Ulikuwa muuguzi wa usingizi, peke yako upande wetu huu wa mlima. Zamani mgonjwa wa kupasuliwa alibebwa kwa machela hadi barabarani, akangoja gari la kumpeleka Lushoto, na wengine hawakufika. Kisha tukajengewa chumba cha upasuaji hapa hapa, umeme ukaja, daktari akaja, na kitanda kipya. Watu wakaona shida imekwisha. Wewe ulisema, "Kisu kipo. Wa kulaza watu ni mimi tu, na mimi nina presha."

Hatukukuelewa mpaka ulipoondoka. Chumba kilifungwa miezi mingi, kitanda kikiwa kimefunikwa nailoni. Wajawazito walioshindwa kujifungua wakarudi kuteremshwa kwa barabara ile ya kutoka Mtae, utelezi kote. Kila gari lilipopita kwa kasi tulijiuliza safari hii ni mtoto wa nani.

Tunakukumbuka kwa upole wako, na kwa ujanja wako pia. Ulijua kwetu mtu haruhusiwi kutoka nyumbani na tumbo tupu, hata anayekwenda kupasuliwa, ambaye hatakiwi kula kitu. Ukimwuliza kama amekula, atasema hapana. Kwa hiyo ulimsalimia vizuri, ukauliza kwa Kishambaa, "Asubuhi nani kapika?" Ndugu wakajisahau, wakaanza kusifia makande. Hapo ulivua glavu na kuahirisha, na hakuna aliyekubembeleza akafanikiwa.

Usingependa kusikia kilichotokea Jumatatu. Baba alipangiwa siku hiyo, akaahirishwa, kwa sababu Shangazi Mwanahamisi alimpa makande alfajiri, bakuli zima. "Ni kaka yangu," alisema. "Ningemtoaje hivihivi?" Tulicheka. Leo asubuhi ngiri ikagoma kurudi, Baba akaanza kutapika, na daktari akasema utumbo umenaswa, hakuna kungoja tena wala kuteremka Lushoto. Hatujacheka tangu hapo.

Anayemlaza ni Martin, yule kijana uliyemfundisha kabla hajaenda masomoni. Amerudi juzijuzi tu. Naye yuko peke yake kama ulivyokuwa wewe, hana wa kumwita mambo yakiharibika. Umeme umeshakatika mara mbili, na kila mara tulibana pumzi mpaka jenereta ilipoitika. Ninaogopa, Mama. Kaka Ibrahimu amesimama dirishani, hageuki, najua kwamba analia.

Kabla ya kuingia, Martin alisimama mbele yetu hapa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Asubuhi nani kapika?"

Shangazi akaangua kilio. "Sijampa kitu. Wallahi leo sijampa hata maji."

Martin akamshika bega, akaingia. Mlango wa humo haufungi vizuri, unaukumbuka, kwa hiyo tukasikia. Alimwuliza Baba swali lako, lile ulilomwuliza kila mtu dawa ilipoanza kuingia. "Mzee, msimu huu umepanda nini?"

"Viazi," Baba akajibu. "Kule juu nimepanda viazi. Na kule bondeni nime..."

Kukawa kimya.

Sisi tunajua kimya hicho. Ulituambia hakuna aliyewahi kumaliza kukujibu, na kwamba mgonjwa akizinduka ulimwinamia ukadai jibu lililobaki. Ukishalipata, ndipo ulipokuwa unavua kofia na kuja nyumbani kula. Ila siku moja moja ulirudi na hukutaka chakula, nasi hatukukuuliza.

Mama, kama kuna namna ya kuwa humo ndani, simama upande wa kichwani kwake. Mkono ukikataa, mwachie Martin, wewe simama tu.

Unakumbukwa na wanao Ibrahimu na Rahma, wifi yako Mwanahamisi, Martin uliyemwachia kazi, wote uliowahi kuwalaza na kuwaamsha, na mumeo Abubakari, ambaye hajamaliza kujibu.

Hatutakusahau kamwe. Tunangoja kusikia kule bondeni amepanda nini.