Ukuta wangu mu njia ya batoto

Lundi, 6 octobre
Chai, mukate, kisha niko ku mulango kama kila asubui. Batoto ba masomo banashuka toka Cimpunda, kartie ya kule juu. Bakifika ku ukuta wangu, banaingia mu barabara. Hawana pengine pa kupita. Kamiyo, gari kubwa ya kubeba muchanga, ilipiga klakson. Nilifunga macho. Nilipofungua, bote balikuwa bamepita.

Mercredi, 8 octobre
Niseme kweli, hata hapa tu. Ule ukuta niliusogeza miye mwenyewe mu vacances, masomo imefungwa. Pale batoto balikuwa banatembea, nilipaingiza mu parsele, kiwanja yangu, muke wangu mama Espoir apate kibanda ya kuuzia makala ya kupikia. Majirani bote banaongeza kidogo kidogo mu barabara. Na miye nikaongeza. Sikufikiria batoto.
Hapana. Uongo. Nilibafikiria. Nilisema mu roho: batazunguka.

Jeudi, 9 octobre
Mvua. Moto, pikipiki ya kubeba bantu, iligonga Nsimire, mutoto wa jirani yetu mama Furaha, pale pale ku kona ya ukuta. Anasoma mwaka wa kwanza. Muguu ilivunjika.
Bantu balimukamata Bahati, motard mwenye kuiendesha. Alikuwa analia: "Bapapa, sikukuwa mbio! Mutoto alitokea nyuma ya ukuta!"
Ilikuwa kweli. Nilikuwa katikati ya bale bantu. Nilipandisha sauti kupita bote: "Mwongo huyu! Mumupige!"
Balimupiga.
Siwezi kula.

Vendredi, 10 octobre
Moto ya Bahati imefungiwa kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa yetu. Mama Furaha alikuja kunishukuru juu ya Bahati kupigwa. "Aksanti, papa Espoir. Weye njo mwanaume." Niliangalia chini.
Asubui batoto balipita tena mu barabara. Kamiyo moja ilipita karibu kabisa na kichwa ya mumoja. Siku moja mumoja atakufa, na ni miye nitakuwa nimemuua.
Nilimwambia mama Espoir nataka kusema ukweli mbele ya bantu. Akajibu: "Kartie nzima itatucheka." Bacheke. Niko naogopa hata hivyo.

Samedi, 11 octobre
Salongo, kazi ya kartie nzima. Bote beko na majembe, banasafisha mufereji. Nilisema mbele yao. Ukuta ni kosa yangu. Bahati hakusema uongo, miye njo nilisema.
Mama Furaha alitema mate karibu na miguu yangu. Eko na haki.
Bahati, jicho ingali imevimba: "Sasa unangoja nini, papa? Nyundo iko wapi?"
Nilipiga ya kwanza. Kisha bote. Kibanda nayo ilianguka. Mama Espoir aliingia mu nyumba, akafunga mulango. Chef alimurudishia Bahati moto yake.

Lundi, 13 octobre
Njia iko wazi. Niliondoa mawe yote, nikafagia.
Batoto balishuka. Balipofika pale, baliingia mu barabara. Ukuta haiko tena, na beko banauzunguka.
Nilishuka mu barabara, nikasimama, kamiyo zinakuja nyuma yangu. Nikamwambia wa mbele, kasichana kadogo: "Huku, mama. Pita huku."
Aliniangalia sana. Kisha akapita.