Ukurasa wa Wakili Pruitt

Etterbeek, Brussels
Jumatatu, 14 Juni 1993

Mpendwa shemeji Constant,

Pokea salamu zetu kutoka Ubelgiji, ambako jua limefika leo asubuhi na saa sita limeshaondoka. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama mkwe, bado anagombana na dawa? Sisi ni wazima, ila mimi chakula hakishuki, na dadako Kahambu anasingizia jibini.

Si jibini. Nimemkosea binti yetu Darlène, naye hajajua.

Unakumbuka mémoire yake, kazi ya kumaliza chuo kikuu? Ni juu ya Amos Pruitt, wakili wa Amerika wa karne iliyopita. Ungempenda. Alijifunza sheria kwa vitabu vya kuazima, akazunguka mipakani juu ya farasi akitetea watu vibandani, akilipwa nguruwe kama wewe unavyolipwa mbuzi. Wenyeji wa asili wa nchi ile walipoporwa mashamba, aliwasimamia mahakamani, akashinda. Baadaye wazungu wenzake wakamchagua bungeni.

Bon, kazi ya kuchapa niliidai mimi. Miaka kumi na minane kwenye mashine ya tribunal, mahakama ya Butembo, nani angenishinda? Nikafika ukurasa unaosema kwamba huko bungeni Pruitt aliipigia kura sheria ya kuwafukuza wenyeji walewale. Shemeji, nilishtuka. Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Hata mwizi wa kuku, siku ya matanga tunamwita mkarimu. Nikauruka. Nikapanga namba za kurasa upya, vizuri mno, asigundue mtu.

Sasa nakala zimejalidiwa, walimu wanazo, na Ijumaa mtoto anasimama mbele yao kuitetea. Wakiuliza habari ya kura ile, wataona ameificha. Miaka minne yake itaangushwa na adabu yangu.

Nilitaka kukuomba unitetee, maana neno la mjomba analisikia. Lakini Antoine, anayekuletea barua hii, anapanda ndege kesho kutwa; utaisoma Ijumaa imeshapita. Donc naweka kalamu chini, nimwite Darlène.

Nimerudi. Hakulia; afadhali angelia. Aliniuliza:

"Papa, ulimuhurumia Pruitt?"

"Ni marehemu, binti yangu."

"Na bale batu alifukuza? Beko wazima mpaka leo?"

Akanisogezea mashine na daftari lake. Kesho atawapelekea walimu ukurasa ule na maelezo. Kama watakubali, hatujui.

Ukurasa una majina ya waliofukuzwa, shemeji. Familia thelathini na moja, pamoja na watoto wao. Mara ya kwanza sikusoma hata moja. Nimechapa hadi la tisa, kisha nikaomba dakika tano nikumalizie barua. Darlène anangoja nyuma ya kiti. Ananisomea kwa sauti, jina kwa jina, nisiruke tena.

Nisalimie mama mkwe, Kasoki na wanawe. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mtuombee.

Shemeji yako akupendaye, hata leo ambapo anaogopa,

Bienaimé