Mkoba Wangu kwenye Kiti Chako

Anastazi,

Ulinidanganya, rafiki wewe. "Dada, ni kikao kimoja kwa mwezi, unakunywa chai, unanyoosha mkono, unaenda zako." Nikaingia bodi kwa kujitolea, kisha wewe ukafa. Nimekukasirikia tangu siku ya mazishi na mpaka leo sijapoa.

Eti shirika la kupinga ubaguzi wa asili, na mezani hakuna hata mmoja wa jamii ya wafinyanzi, wenyewe wanaobaguliwa! Ulikuwa wewe peke yako. Sisi wengine tuliusoma ubaguzi kwenye semina. Wewe uliujua tangu utotoni: mrija wa pombe ulipita mdomo kwa mdomo, ukifika kwa watu wa ukoo wenu mnarukwa. "Sisi tulimiminiwa pembeni, kwenye kigae." Ulinisimulia hayo kwenye mgahawa mtaani Gisimenti huku unacheka, unanyonya soda yako kwa mrija, makusudi. Mimi sikucheka.

Basi sikiliza. Tulimwalika Odeta, yule mfinyanzi wa kule mtaa wa Kinyinya uliyetaka akurithi kiti. Chai ikaja. Sisi tukapewa vikombe vya kauri, yeye akaletewa cha karatasi. Mwenyekiti mpya, yule uliyemwita Bwana Tabasamu, akasema ni mambo ya usafi, wageni wote hupewa hivyo. Mwongo mkubwa! Mwezi uliopita alikuja mgeni Mzungu, akanywea kikombe cha mwenyekiti mwenyewe.

Sikuvumilia, Anastazi. Nikakinyakua kikombe cha Odeta, nikapiga funda mbele yao wote ili waone haya. Unajua aliniambiaje?

"Mama, hiyo chai yangu. Na chai si shida. Mimi nilikuya kukaa."

Nilitamani ardhi inimeze. Walikuwa wamemweka kwenye benchi, ukutani. Kiti chako kilikuwa mezani, kitupu, mkoba wangu juu yake. Tangu ufe nauweka hapo kila kikao ili wasikupore nafasi. Nilijiona shujaa, kumbe nami nimeziba njia.

Odeta akainuka, akaushusha mkoba wangu sakafuni, akaketi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Laiti ungekuwepo uone Bwana Tabasamu alivyonuna!

Sasa wanasema ataruhusiwa kuhudhuria tu, kura hana. Jumamosi tunaamua. Hasira zilinituma nijiuzulu, nikajiambia hapana, nikitoka nitawapumzisha, na hawastahili kupumzika hata kidogo. Simu zao sipokei. Salamu zao naitikia kwa shingo upande. Ungesema nina mdomo mchafu, na ungekuwa unacheka, na mimi ningekununia mpaka tuagane mlangoni kama kawaida yetu. Nimekukumbuka, mtu mbaya wewe.

Lala, kaka yangu. Kukusamehe bado. Ila nakuahidi hili: sitoki kwenye bodi ile mpaka Odeta apige kura, hata kama kura yake ya kwanza itakuwa ya kunitoa mimi.

Dada yako,
Konsolata