Saga Imelegea na Udongo Una Maji

Jumatatu, 3 Februari
Mayai trei mbili, vitunguu kilo tatu, nyanya, dania. Nimerudi kutoka kuuza mayai na kachumbari soko la Toi saa kumi na moja, miguu inauma. Nimemwagilia saga, ule mgagani mchungu wa kwetu. Mimea kumi na mmoja, magunia mawili, nje ya mlango wangu hapa Sarang'ombe. Asubuhi ilisimama wima, saa sita majani yote chini. Nikasema ni jua. Lakini sukuma ya wapangaji wenzangu kwenye ploti haijainama. Nimeudhika.

Hiyo ndiyo mbegu yote ya mama iliyobaki. Niliitoa kwenye kitambaa chake wiki ya mazishi. Ndugu yangu ameshapanda miwa shamba lote. Saga hii isipotoa maua na mbegu, basi, imekwisha. Ya sokoni haina uchungu ule. Sitaki kuambiwa mboga ni mboga.

Jumatano, 5 Februari
Saa nne tu, na imelegea. Nimeingiza kidole kwenye udongo, umelowa hadi kiungo cha pili. Sielewi. Inaona kiu na imesimama ndani ya maji! Nimeongeza maji. Yapo ya kutosha, kwa sababu mimi simwagi kitu. Hapa maji ni ya mtungi. Nikishafikicha vitunguu vya kachumbari na chumvi viache ukali, nikavisuuza, yale ya kusuuzia huenda kwenye magunia. Najiona mjanja.

Alhamisi, 6 Februari
Mmoja umekufa. Juu ya udongo na ubavuni mwa gunia kuna weupe, kama povu lililokauka. Nikageuka nikatazama beseni za Mama Sheila, jirani wa mlango wa pili. Anafulia watu nguo, ndiyo kazi yake, mume hayuko. Uani hapakauki kwa ajili yake. Sabuni! Nimekasirika.

Jumamosi, 8 Februari
Nimemwambia. Si pembeni. Bombani, watu wakiwa na mitungi. Nimesema anamwaga sabuni kwenye magunia yangu, anaua mboga ya marehemu mama.
"Sabuni yangu inaenda kwa mtaro," akasema. "Nionyeshe venye imepanda hadi kwa gunia yako."
Watu wakacheka. Walinicheka mimi, mwanaume mzima kubembeleza mboga. Nikapandisha sauti. Kisha nikaenda kwa msimamizi wa ploti.

Jumatatu, 10 Februari
Msimamizi amemkataza kufua uani. Nilitarajia kufurahi. Mama Sheila ameingiza beseni ndani moja moja, hakunitazama.
Mimea imebaki sita.

Alhamisi, 13 Februari
Amehama. Ameenda kwa dadake Kawangware. Mkokoteni mmoja, mtoto akitembea nyuma yake ameshika ndoo. Bila kufua hawezi kulipa chumba.
Siku tatu hakuna tone la sabuni hapa, na leo umekufa mwingine. Naingia, natoka. Naangalia gunia, narudi ndani, natoka tena. Nachukia kila mtu.

Ijumaa, 14 Februari
Nilikuwa nakata vitunguu. Nikatia chumvi, nikaacha bakuli, nikaenda kuangalia gunia. Kurudi, bakuli lina maji chini. Sikuwa nimetia maji. Vitunguu vimenywea, laini kabisa. Kila siku naliona jambo hilo na sijawahi kuliona.

Kidato cha pili mwalimu alitubandikia ngozi ya kitunguu chini ya hadubini, moja kwa darasa zima. Tukapanga foleni. Vyumba vidogo vidogo vimebanana, kila kimoja kimejaa maji. Akadondosha maji ya chumvi na vyumba vikanywea tukitazama. Maji hufuata chumvi ilipo nyingi, alisema. Mzizi hunywa kwa kuwa ndani yake mna chumvichumvi zaidi kuliko nje, maji yanapanda shina, yanajaza vyumba vya jani, jani linasimama. Udongo ukizidi chumvi, mzizi haunywi tena, unanyonywa. Niliandika yote hayo kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

Nimetoka nje nikalamba weupe wa gunia.
Chumvi.
Ni mimi. Na kadiri ilivyolegea ndivyo nilivyozidi kuinywesha.

Jumamosi, 15 Februari
Sikwenda kazini. Mitungi minne ya maji matamu kwa kila gunia, polepole, hadi yakatoka chini. Niliyaonja. Mwanzo makali, mwisho hayana ladha. Imebaki mitatu, na sina hakika hata na mmoja.

Jumapili, 23 Februari
Miwili imekufa. Mmoja jana ulishinda na jua na haukuinama.

Nimetembea hadi Kawangware. Mama Sheila alikuwa anaanika nguo za watu kwa dadake. Nikamweleza: vitunguu, chumvi, ule weupe. Nikamwomba msamaha. Alimaliza kukamua shuka kwanza.
"Ile siku ulisema ploti yote ikiskia," akasema. "Sasa mbona unaniambia peke yangu?"
Nimeona haya ambayo sijawahi kuona.

Jioni nikasimama bombani nikawaambia wote. Nilisema haikuwa sabuni, ilikuwa chumvi yangu mwenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi akasema sawa, lakini chumba cha Mama Sheila kimeshachukuliwa.

Jumapili, 30 Machi
Ule mmoja ulitoa maua, na sasa maganda yake ya mbegu yamekauka. Nimeyapasua juu ya gazeti, mlango umefungwa upepo usipeperushe. Mbegu ndogo, nyeusi, zimejaa kifuniko cha soda. Mboga ya mama ipo.

Nimemtumia Mama Sheila ujumbe kwamba ule mmoja ulizaa. Ameusoma. Hajajibu, na sioni kwa nini ajibu.