Kipande cha Wekundu Kilichoachwa Juani

Osaka, 9 Novemba 1968

Dada yangu mpendwa Fusae,

Hujambo? Baridi ya Kaga haijakushika magoti? Na mama anakula vizuri? Mimi mzima, ila mikono haitakati. Jana muuza tofu kaniuliza nimechinja nini.

Kiwanda chetu cha wino kimetimiza miaka hamsini. Bosi Kuramochi alitusomea historia mpaka wali ukapoa: babu yake alianza kwa kusaga masizi na mafuta kupata wino wa magazeti, na leo tunatoa wino wa karatasi za peremende, gundi na kemikali za plastiki. Mimi nilikuwa nakukumbuka wewe. Ahsante kwa kunifundisha kulinganisha rangi ya wino mpya na ile ya karatasi ya mfano, inayokaa kwenye bahasha isipigwe na jua. Ulikuwa ukinikaripia, "We Kinue, mfano hauvuliwi nguo! Toa ncha tu, upana wa vidole viwili, basi!" Kisha unanipa chakula ulichonipikia alfajiri.

Juzi bosi alinituma nitoe mifano ya zamani kwa ajili ya maonyesho. Chini kabisa ya droo yako nikakuta ule mfano mwekundu wa peremende.

Dada, niliyeuharibu ni mimi. Kabla ya likizo ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, mwaka juzi, niliutoa wote kwenye bahasha, nikausahau dirishani, nikakimbilia treni. Nilipourudisha kimya, ncha ilikuwa imepauka. Ukatoa upana wa vidole viwili kama kawaida, ukalinganisha wino na ncha hiyo iliyopauka, na mteja akarudisha mapipa yote. Ukasema macho yako yamechoka, ukaacha kazi. Siku ya kukusindikiza nililia kituoni, ukanibembeleza, na bado sikusema.

Juzi ndipo nilipouona mzima. Nusu imepauka, nusu ni nyekundu vilevile, na katikati pana alama ya kisanduku changu cha chakula kilichokuwa kimeukalia pale dirishani, hata kona yake iliyobonyea. Kisanduku hicho ulikuwa ukikifunga wewe kila siku. Basi ulijua. Ulijua, ukauficha, ukaondoka na aibu yangu. Nashukuru, dada, na naona haya.

Nimempelekea bosi, nikamweleza yote. Akasema meza yako inakungoja. Mimi nimerudishwa kuosha mapipa, na ninayaosha kwa moyo mweupe. Macho yako hayana kasoro. Njoo, tafadhali.

Msalimie mama, umwambie nimenenepa.

Ni mimi mdogo wako, niliyekula chakula chako na heshima yako,

Kinue