Jumatano ya Ndizi

Jumatatu, 5 Mei

Makande yameungua chini tena. Mama Asha, mpishi wetu, anasema ni kuni mbichi. Kila siku kuni mbichi. Watoto wamekwangua sufuria mpaka likang'aa, kwa hiyo nimefunga mdomo. Mvua tangu alfajiri. Paa la jiko linavuja palepale.

Nimegawa sketi mbili kutoka kabati la sare. Hilo kabati nalipenda kuliko samani zangu zote. Anayemaliza la saba anaacha sare yake humo, asiye nayo anachukua, na hakuna anayeuliza ilikuwa ya nani.

Zuhura hakuja. Wiki iliyopita yote hakuja. Darasa la sita bila Zuhura, hesabu nafundisha ukuta. Sketi nilimpa Januari, kwa hiyo si sare. Homa? Nitauliza.

Jumatano, 7 Mei

Nimeuliza. Si homa. Ni chakula.

Kamati ya shule ilipitisha kila kaya ilete debe la mahindi. Mimi ndiye mwalimu wa malezi, na jiko liko chini yangu, nikamwambia Mama Asha asimnyime mtoto yeyote, kwao wameleta au hawajaleta. Hajamnyima mtu. Nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe Zuhura mwenyewe alikuwa hapangi foleni. Kwao hawajaleta, wenzake wanajua, wanamtazama. Saa ya chakula alikuwa anashuka mtoni, anakunywa maji, anarudi kengele ikilia, mpaka akaacha kuja kabisa. Nilikuwa namwona akishuka. Nilidhani anakwenda kunawa.

Nimekasirika. Nimeikasirikia kamati, nimewakasirikia watoto wenye midomo, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepanda kwao. Njia yote utelezi. Nimeanguka, nimeamka, nimeanguka tena, sketi yangu nzuri imekwisha.

Zuhura anaishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwajuma. Mama yake alishafariki. Baba yake yuko mjini, Mafiga, anaendesha bodaboda, ana mke mwingine. Nilimwamkia bibi, akanipa kigoda, akanipikia ndizi za nazi. Tamu! Nimekula mpaka nikaona aibu.

Halafu nikaharibu. Nilikuwa nimebeba mfuko wa unga. Nikauweka mbele yake, nikamwambia Zuhura arudi shule, atakula bure, wasihangaike na mahindi.  Bibi mfuko hakuugusa.

"Mwalimu, hapa hatuombi."

Kisha akanieleza taratibu kwamba Zuhura shule imetosha. Likizo ya Juni ikifika anakwenda Morogoro mjini kwa ndugu yao, kulea mtoto mchanga. Huko atakula bila kutazamwa. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Hakulia. Aliangalia vidole vya miguu yake.

Nimeshuka na unga wangu, na juu yake mkungu wa ndizi, maana bibi alikataa kabisa nitoke mikono mitupu. Bega linaniuma. Nina hasira na nina shukrani, sijui nianze na ipi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia simu baba yake. Mtu mwema, pikipiki zinapiga kelele nyuma yake. Amesema mwanawe asome, haendi kulea mtoto wa mtu, bibi aambiwe kwamba baba amekataa. Basi nikafurahi mimi! Kwetu Makete baba akishasema, mjadala umekwisha. Nimemtuma mtoto wa jirani yao apeleke habari: baba amekataa, Zuhura anarudi shule.

Nimechoma ndizi kusherehekea. Huu mkungu hauishi. Chumba kizima kinanuka ndizi.

Jumatano, 14 Mei

Majibu yamekuja. Bibi Mwajuma anasema nisikanyage tena kwake. Na Zuhura hangoji likizo. Anaondoka Jumapili hii.

Nimejifungia chooni nikalia, walimu wenzangu wasinione.

Mwalimu Mkuu ni Mluguru wa hapahapa. Nilipomsimulia aliweka kalamu chini, akacheka kwanza, halafu akanigombeza. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Mashamba ni ya ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapikiwa, anatengewa mahali pazuri pa kukaa, lakini neno la mwisho juu ya mtoto analo mjomba. Mimi nimempelekea bibi amri ya mkwe, kwenye mji wake mwenyewe. Tena nimeituma kwa mtoto! Miaka yote hii niko hapa, nimezika nao, nimecheza harusi zao, nilidhani nimeshakuwa mwenyeji. Mwenyeji gani.

Mjomba wake ni Mzee Mkude, mtoto wa kwanza wa Bibi Mwajuma. Mwalimu Mkuu atanipeleka kesho. Masharti yake: nisitangulie mimi, na nisianze kuongea mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimenyamaza. Kazi ngumu kuliko kupanda mlima.

Mwalimu Mkuu aliongea kwa Kiluguru, mara Kiswahili, akaniombea radhi, akazunguka kwenye mvua, barabara mbovu, wagonjwa, mpaka akafika kwa Zuhura. Mzee Mkude alikuwa anasuka tenga. Hakuinua kichwa muda wote. Mwishoni akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mama yangu alikupa nini ulipokuja?"

Nikasema mkungu wa ndizi.

"Na nyie mnatuomba nini?"

Nikasema mahindi. Sauti hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Akarudi kwenye tenga lake.

Jibu nilishuka nalo begani Jumamosi! Nimelala nalo chumba kimoja, nimelichoma, nimelila wiki nzima, sikuliona. Kamati ilikaa huku chini barabarani, kwa wenye mashamba ya mahindi. Kule juu mteremko mkali, mahindi hayatoi kitu, migomba imejaa mpaka mlangoni. Hakuna aliyewauliza wana nini. Tuliwapangia tu, halafu tukawahesabu kuwa hawana.

Kuhusu Zuhura kuondoka, Mzee Mkude hakusema ndiyo wala hapana. Jumapili iko karibu.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao cha dharura. Mwenyekiti wa kamati amebisha kweli. Ndizi zinaoza, stoo haziwezi kukaa. Na ana haki, zangu za mwisho zimeshakuwa nyeusi. Tumebishana mpaka makoo yamekauka. Mwishowe tumeafikiana: zisiende stoo. Kaya za juu zitashusha ndizi Jumatano asubuhi, zitapikwa siku hiyohiyo na maharage ya shule, na kaya hizo zitahesabiwa zimechangia sawa na wengine. Nilitaka kumkumbatia mwenyekiti, naye si mtu wa kukumbatiwa.

Safari hii sijamtuma mtoto. Mwalimu Mkuu amepanda mwenyewe kumweleza mjomba. Mungu ampe afya mkuu wangu, magoti yake yanamsumbua na hajalalamika.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikwenda. Gari la mjini linapakia abiria njia panda, na dirisha langu linaangalia hapo. Nimesimama tangu linafika. Wamepanda watu, wamepakia matenga ya machungwa, kuku, godoro. Limeondoka. Zuhura sikumwona. Lakini kuna gari la alfajiri, na hilo sikuliwahi.

Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuja. Sina la kuandika.

Jumatano, 21 Mei

Niliwasikia kabla sijawaona. Watu wanateremka wanaongea kwa sauti, kama wanakwenda harusini, mikungu vichwani. Mzee Mkude mbele. Bibi Mwajuma nyuma yake na mkungu wake mwenyewe, amekataa kupokewa. Nyuma ya bibi, Zuhura. Sketi ya kabatini, chana moja ya ndizi kichwani.

Hakupanda gari. Mjomba alikataa tangu Ijumaa jioni, hakuona haja ya kunitumia habari. Siku zote hizo nilivyohangaika! Kwa nini Jumatatu hakuja? Alikuwa anasubiri ndizi. Asingekuja kabla ya ndizi za kwao. Nimemwelewa.

Nilimwendea bibi nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikamwamkia. Akasema marahaba. Akaniuliza ule unga niliufanyia nini. Nikasema nimepika ugali. Akasema vizuri. Kisha akavuta kigoda cha Mama Asha, akakaa na wenzake kumenya ndizi mpaka zote zikaingia jikoni, na akamkosoa Mama Asha jinsi anavyopanga kuni. Mama Asha, ambaye mimi hanisikilizi hata kidogo, akazipanga upya.

Zuhura alipanga foleni. Si mwisho. Katikati, anaongea na wenzake. Hakuna aliyemtazama, maana kila mtu alikuwa anatazama sufuria.

Nashukuru. Nawashukuru Mwalimu Mkuu na magoti yake, na mjomba na swali lake. Namshukuru bibi kwa kunifukuza, maana angenivumilia kwa adabu nisingejua nimekosa nini. Na yule baba wa Mafiga nimempigia tena, nikamwambia tu kwamba mwanawe yuko darasani. Akasema amefurahi. Namshukuru naye.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imekata. Milima imeonekana mpaka juu.

Ndizi na maharage. Hazikuungua. Mama Asha anasema kuni zimekauka, wala hataki kusikia habari za Bibi Mwajuma. Kaya nyingine tatu za juu zimeleta, hata hatukuwaita.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya darasa la sita nasahihisha hesabu. Zuhura alimaliza chakula chake, akalamba vidole, akakaa kidogo. Halafu akainuka, akarudi mbele ya watoto wote mpaka kwa Mama Asha, akanyoosha sahani.

Akaongezwa.